Tohara, Ukeketaji au Unyago? Lugha ya Kinga Miongoni mwa Wasichana wa Meru na Embu

Utangulizi

Mwezi wa Agosti 1996, huko Gatunga katika nchi ya Tharaka, eneo ambalo zamani lilikuwa sehemu ya Meru, familia zipatazo 30 ziliwatoa binti zao hadharani kwa sherehe ya aina mpya. Wasichana walikuwa wametengwa faraghani, wakafundishwa, kisha wakatoka wakaimbiwa na kupewa zawadi kama ilivyo desturi. Kitu kimoja tu hakikuwapo, nacho ni wembe. Sherehe hiyo, iliyoandaliwa na shirika la Maendeleo ya Wanawake kwa ushirikiano na shirika la afya la PATH la Marekani, iliitwa Ntanira na Mugambo, jina ambalo kwa kawaida hufasiriwa kuwa ‘tohara kwa maneno’.

Masuala ya afya ya umma huachiwa madaktari na wauguzi. Mtaalamu wa Kiswahili huitwa mwishoni kabisa, pale bango linapohitaji kutafsiriwa, na akishalitafsiri hushukuriwa na kuonyeshwa mlango. Makala haya yanashikilia kwamba mpango huo una kasoro tangu mwanzo. Katika kuwakinga wasichana wa Meru na Embu dhidi ya kisu cha ngariba, lugha ndiyo iliyokuwa uwanja wenyewe wa mapambano: amri zilizotolewa bila kujali maneno ya mila ziligonga mwamba, ilhali juhudi iliyoanzia katika maneno hayo ilipata pa kushika. Isitoshe, istilahi ambazo Kiswahili kimezichagua kwa jambo hili bado zinaikwamisha kazi ya kinga kwa namna ambayo wataalamu wetu hawajaipa uzito.

Madhara ya kiafya hayahitaji kurefushwa hapa. Kuvuja damu, maambukizi, pepopunda, maumivu ya kudumu na uzazi mgumu ni mambo yanayojulikana kwa kila mkunga wa eneo hili. Inatosha kutaja utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2006, ambao ulihusisha zaidi ya wanawake 28,000 waliojifungulia hospitalini katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo. Ulibainisha kwamba wanawake waliokatwa walikabiliwa zaidi na hatari ya kujifungua kwa upasuaji na kutokwa na damu nyingi baada ya kuzaa, na kwamba watoto waliopotea wakati wa uzazi waliongezeka kwa mmoja hadi wawili katika kila uzazi 100. Kwa hiyo anayedhani kwamba jambo hili humalizika siku kidonda kinapopona amekosea. Linamsubiri mwanamke katika chumba cha kujifungulia, miaka mingi baadaye.

Hukumu iliyomo ndani ya istilahi

Kiswahili kina maneno mawili makuu kwa kitendo hiki, na yote mawili yametoa hukumu kabla ya mazungumzo kuanza.

Neno la kwanza ni tohara. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya msingi ni usafi, hasa usafi wa kidini. Ni jamaa wa neno twahara, nalo kinyume chake ni najisi. Anayesema ‘tohara ya wanawake’ ameshakubali, ajue asijue, kwamba kuna uchafu unaoondolewa. Afisa wa afya akipanda jukwaani sokoni Chuka au Runyenjes na kutangaza kwamba tohara ya wasichana ni mbaya, kauli yake inajipinga yenyewe kimaana, kwani amewaambia wasikilizaji wake kwamba usafi ni mbaya. Tatizo hili linazidi kwa kuwa neno hilo hilo hutumika kwa wavulana, ambao Wizara ya Afya tangu miaka ya 2000 imeihimiza tohara yao, hasa katika nchi ya Magharibi mwa Kenya, kama njia mojawapo ya kupunguza maambukizi ya virusi vya UKIMWI. Neno moja limebebeshwa mizigo miwili inayovutana.

Neno la pili ni ukeketaji. Limetokana na kitenzi keketa, yaani kukata kwa shida kitu kigumu, hasa kwa kifaa butu. Hili lilienea kupitia kampeni za haki za wanawake, na leo ndilo neno la magazeti, la redio na la mahakama. Linaeleza ukatili waziwazi, na kwa sababu hiyo linafaa katika sheria. Lakini neno hili halina nafsi ya kwanza. Ni nadra kumsikia mwanamke wa Meru akisema ‘nilikeketwa’, na ni nadra zaidi kumsikia nyanya akisema ‘nilimkeketa mjukuu wangu’. Atasema alitahiriwa, au atarejea kwenye lugha yake ya mama. Ukeketaji ni jambo linalotendwa na wengine. Bango likisema ‘Komesha ukeketaji’, mama anayelisoma huafiki kwa moyo wote, kwa kuwa halimhusu.

Ikumbukwe kwamba mvutano huu wa istilahi si mgeni. Mnamo 1929, wamishenari wa Kanisa la Scotland nchini Kenya waliamua kuacha kutumia neno la Kiingereza lenye maana ya tohara na badala yake wakachukua lenye maana ya kuharibu viungo vya mwili. Takriban miaka 60 baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1990, Shirika la Afya Duniani lilifuata mkondo huo huo. Nia ilikuwa njema nyakati zote mbili. Hata hivyo, historia ya Meru inaonyesha kwamba nia njema ikisemwa kwa lugha ya matusi huwa na bei yake, na wanaoilipa bei hiyo ni wasichana.

Amri, kiapo na wembe

Chogoria, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, ndiko Dkt. Clive Irvine wa Kanisa la Scotland alikoanzisha kituo cha misheni na hospitali mwaka 1922. Mgogoro wa 1929 ulipozuka, waumini walitakiwa kuapa kwamba wataiacha desturi hiyo. Katika nchi ya Ugikuyu kiapo hicho kiliitwa kirore, kwa sababu wengi walikitia alama ya kidole gumba, nao waliokikataa wakajiita karing’a. Wimbo wa kejeli ulioitwa Muthirigu ukavuma kwa kasi hata serikali ya kikoloni ikaupiga marufuku mwaka 1930. Mwanafunzi wa fasihi simulizi na atue hapo kidogo. Serikali yenye bunduki iliona wimbo kuwa hatari, maana ilielewa kwamba ubishi huu ulikuwa ukiendeshwa kwa nyimbo. Wahubiri na madaktari, kwa upande wao, walikuwa na hoja za afya zilizo sahihi kabisa, lakini hawakuwa na wimbo.

Zaidi ya hayo, dola ya kikoloni haikuwa na msimamo mmoja. Katika miaka ya 1920 baraza la wenyeji la Meru lilipitisha maazimio ya kuwaandikisha mangariba na kupunguza ukubwa wa mkato. Kisha, kama alivyoonyesha mwanahistoria Lynn Thomas katika utafiti wake kuhusu Meru, watawala wakaunga mkono wasichana wakatwe mapema, kabla ya kubalehe, ili mimba za wasichana wasiotahiriwa, ambazo mila haikuziruhusu na ambazo zilitolewa, zipungue. Kisu kilitumiwa na serikali yenyewe kama chombo cha kinga! Wenyeji waliokuwa wameambiwa leo hivi, kesho vile, hawakuwa na sababu ya kuamini kwamba neno la mtawala kuhusu mwili wa msichana lilikuwa na uzito wowote.

Wala Ulaya yenyewe haikuwa na mikono misafi katika jambo hili. Katika miaka ya 1860, mpasuaji Isaac Baker Brown wa London aliwakata wanawake wa Kiingereza kwa madai kwamba anawatibu kifafa na maradhi ya akili, hadi wenzake walipomfukuza katika chama cha madaktari wa uzazi mwaka 1867. Hakukuwa na wimbo, kutengwa wala mafunzo, kulikuwa na meza ya upasuaji tu. Mfano huu unataja jambo ambalo wanaoitetea mila na wanaoilaani husahau sawasawa: kukata na kufunda ni vitu viwili vinavyoweza kutenganishwa.

Mwaka 1956, katikati ya Hali ya Hatari, baraza la wazee la Njuri Ncheke lilipiga marufuku tohara ya wasichana kote Meru. Wazee walikubaliana kwa kauli moja, huku utawala wa kikoloni ukiwa nyuma yao. Wanawake, ambao tangu jadi ndio waliosimamia shughuli hiyo kuanzia mwanzo hadi mwisho, hawakuwa na kauli katika baraza hilo. Jibu lilitoka mahali ambapo hapakutarajiwa. Habari zilipozagaa kutoka soko hadi soko, wasichana wenyewe walinunua nyembe madukani, wakaingia vichakani na kukatana wao kwa wao. Waliitwa Ngaitana. Katika miaka mitatu iliyofuata, watu zaidi ya 2,400, wasichana, wanawake na wanaume, walishtakiwa katika mahakama za Waafrika kwa kuvunja amri hiyo, mbali na wengine wengi waliotozwa faini na machifu na mabaraza madogo.

Jina Ngaitana linastahili kutazamwa kwa makini. Ni kitenzi kizima kilichogeuka kuwa jina la kundi: ‘nitajitahiri’. Kiambishi -i- cha Kimeru kinafanya kazi ile ile ya -ji- ya Kiswahili, yaani kinamrudishia mtenda tendo lake. Kwa kawaida tendo hili halisemwi hivyo. Msichana hutahiriwa, naye ni mtendwa, na watenda ni ngariba, mama, nyanya na ukoo mzima. Wazee walipoukataza ukoo usitende, wasichana waliibadilisha sarufi, wakamweka mtendwa mahali pa mtenda. Waliyapata maumivu yote ya kisu lakini hawakupata mafunzo, baraka wala wimbo. Marufuku iliondoa kila kilichokuwa na manufaa katika unyago wao, ikawaachia wembe peke yake. Kwa kipimo cha afya ya umma, ni vigumu kubuni matokeo mabaya zaidi ya hayo.

Neno mahali pa kisu

Ntanira na Mugambo ilikwenda kinyume cha njia hiyo. Mugambo ni sauti. Kwa kuchagua jina hilo, waanzilishi walikiri kwamba ndani ya mila kulikuwa na sauti iliyostahili kubaki.

Katika taaluma ya fasihi simulizi, sherehe za aina hii huainishwa kama miviga, na Arnold van Gennep aliwahi kueleza, katika kitabu chake cha mwaka 1909, kwamba miviga ya mpito ina hatua tatu: kutengwa, kukaa kando na kurejeshwa. Sherehe ya Gatunga ilizihifadhi zote tatu. Wasichana walitengwa kwa siku kadhaa, kila mmoja akiwa na mwanamke wa kumlea katika kipindi hicho. Walifundishwa habari za mwili, hedhi, uzazi, magonjwa, heshima na namna ya kukataa wasichokitaka. Kisha wakatolewa mbele ya hadhira ya wazazi, walimu na machifu kwa nyimbo, maigizo, zawadi na vyeti. Maleba yamo, fanani wamo, hadhira imo. Kilichobadilika ni ishara ya mpito. Zamani jamii ilisoma utu uzima wa msichana katika kovu. Sasa ilitakiwa kuusikia katika tamko.

Je, tamko laweza kufanya kazi ya kovu? Mwanafalsafa J. L. Austin alionyesha kwamba kuna kauli ambazo kuzisema ni kutenda, kama vile kuapa au kufungisha ndoa. Lakini Austin alisisitiza pia masharti: kauli ya aina hii huwa batili pale anayeitamka anapokosa mamlaka, au pale wasikilizaji wasipoyakubali mamlaka hayo. Hapa ndipo penye siri ya kufaulu na kushindwa kwa Ntanira na Mugambo. Pale ambapo akina baba, nyanya na wazee walikuwa wamezungumziwa kwa muda mrefu kabla ya sherehe, tamko lilishika. Pale ambapo sherehe ililetwa kama mradi, ikafanywa likizoni na magari yakaondoka jioni, lilikuwa tamko la mgeni, na msichana angeweza kupewa cheti mwezi wa Agosti na kukatwa mwezi wa Desemba. Watafiti walioutathmini mpango huu mwanzoni mwa miaka ya 2000 walifikia maoni ya namna hiyo: sherehe ni kilele cha mazungumzo, haiwezi kuwa badala yake.

Tatizo jingine liko katika Kiswahili cha mpango wenyewe. Ripoti na redio huiita ‘tohara mbadala’. Mbadala wa nini? Neno hilo linaifanya tohara ya kisu kuwa ndiyo asili, na hii nyingine kuwa cha kushikia nafasi, kama vile kahawa ya kuchoma mtama wakati kahawa yenyewe imeadimika. Msichana aliyepitia ‘mbadala’ atajiona daima kuwa amepewa kisicho kamili.

Ajabu ni kwamba Kiswahili hakikuwa na haja ya kubuni. Katika mwambao na katika jamii kadhaa za Tanzania, kama vile Wamakonde, Wayao na Wazaramo, mwari hutengwa, hukabidhiwa kungwi, hufundwa kwa nyimbo na mafumbo, huchezwa, kisha hutolewa. Asiyepitia huko huitwa msungo. Huo ndio unyago, na katika umbo lake la pwani si kisu kinachomtoa msichana utotoni, ni kufundwa. Marehemu Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 2013, alijulikana kwa ngoma za unyago sawa na alivyojulikana kwa taarabu. Istilahi zote zinazohitajika Gatunga zilikuwamo kamusini: unyago, mwari, kungwi, somo, kufunda. Kama wafasiri wangeziangalia, ‘tohara kwa maneno’ ingeitwa unyago tu, na mama wa Embu angeambiwa kwamba binti yake amefundwa, si kwamba amekosa kutahiriwa.

Upo upinzani wa haki dhidi ya pendekezo hili. Kwanza, unyago wa pwani una mafunzo yake ya kumtiisha mke kwa mume, na hakuna sababu ya kuyahamishia mlimani. Pili, kwa Mkenya wa bara neno hilo ni la darasani. Amelisoma katika vitabu vya fasihi simulizi lakini halimo katika maisha yake. Upinzani wa kwanza unajibika, kwa kuwa umbo linaweza kupokewa na maudhui yakabadilishwa, na Gatunga walifanya hivyo hasa. Wa pili ni mgumu zaidi. Hata hivyo, neno ‘ukeketaji’ nalo miongo michache iliyopita halikuwa likisikika vijijini, na redio ikalifikisha.

Sheria inapoingia katika lugha

Kenya ilipiga marufuku ukataji wa watoto wa kike kwa Sheria ya Watoto ya mwaka 2001, kisha ikapitisha sheria mahususi mwaka 2011 inayowahusu wanawake wa umri wote. Machi 2021 Mahakama Kuu iliitupilia mbali kesi ya daktari mmoja aliyedai kwamba mwanamke mzima aruhusiwe kujichagulia. Mengi yameandikwa kuhusu adhabu za sheria hiyo ya 2011, lakini kifungu chake cha 25 hakijapata wasomaji kinaowastahili katika idara za Kiswahili. Kinamtia hatiani mtu anayetumia lugha ya dharau kumkejeli mwanamke kwa sababu hajakatwa, au mwanamume kwa sababu amemwoa mwanamke wa aina hiyo. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miezi sita, au faini isiyopungua shilingi 50,000, au vyote viwili.

Kifungu hiki kinakiri kwamba tusi ni kisababishi cha ugonjwa. Mtu akichunguza kwa nini wasichana wa 1956 walienda kununua nyembe, atakuta hofu ya kuitwa mtoto na kuchekwa kisimani. Neno kama kirigu la Kigikuyu, ambalo Embu halihitaji mkalimani, limewapeleka wasichana wengi kwa ngariba kuliko amri ya baba yeyote. Lakini sheria inaweza kukataza tusi bila kuweza kutoa jina la heshima. Jina hutolewa na wasemaji wa lugha.

Kwa kipimo cha takwimu, hali imebadilika sana. Tafiti za kitaifa za idadi ya watu na afya zinaonyesha kwamba wanawake wa Kenya wa umri wa miaka 15 hadi 49 waliokatwa walikuwa asilimia 38 mwaka 1998, asilimia 21 mwaka 2014 na asilimia 15 mwaka 2022. Elimu ya wasichana, makanisa, sheria na kazi ya miaka mingi ya akina mama wa vijijini vyote vimechangia, na haitakuwa haki kuidai sifa hiyo kwa niaba ya lugha. Jambo linalotia wasiwasi ni kwamba desturi inapopungua hujificha. Haina tena ngoma wala wimbo. Hufanywa usiku, kwa mtoto mdogo, wakati mwingine na mtu mwenye elimu ya uuguzi. Desturi isiyo na wimbo haipingiki kwa wimbo, na mabango ya ‘Komesha ukeketaji’ hayaifikii, kwa kuwa wahusika wamekwisha kulitenga neno hilo na wanachokifanya.

Palipobaki pa kuifikia ni kliniki ya wajawazito. Mkunga wa Embu au wa Nkubu analazimika kumuuliza mama kama amekatwa, ili ajiandae kwa uzazi wake, na baadaye azungumze naye kuhusu mtoto wa kike aliyezaliwa. Akiuliza ‘Umekeketwa?’ amemshtaki. Akiuliza ‘Umetahiriwa?’ amemsifu. Wengine hulikwepa swali kwa kutumia Kiingereza, wengine hurudi kwenye Kimeru au Kiembu, na wengine hawaulizi kabisa. Kamati za istilahi ambazo zimetupatia majina ya sehemu zote za kompyuta hazijakaa na wakunga hawa kuwasikiliza wanavyouliza.